Gari la Kazi na Siku Litakaposimama

Kila anayejenga hapa Olasiti, Arusha, hufika siku akachoka kukodi. Anaanza na guta, anahamia kwenye Toyo ya matairi matatu, mzigo ukiwa wa maana anaita Canter, na jioni akipiga hesabu ya alichotoa anashika kiuno. Hapo ndipo anaponijia dukani. Anaegemea kaunta, anaitazama Hilux iliyoegeshwa nje, anauliza: "Mama, hii ulinunua shilingi ngapi?" Wote huanza na bei. Mimi huwarudishia swali: ikikuzimikia Kisongo na mzigo wa mteja mgongoni, utampigia nani simu, naye spea atazitoa wapi?

Wengine hudhani ninawakwepa. Bei niliyolipa mwaka 2013 haimsaidii mtu wa leo, shilingi si ile na magari si yale. Lakini swali la siku ya kusimama halijapitwa na wakati tangu nilisikie kwa baba yangu, nami sijaona gari la kazi, liwe jipya au kuukuu, ambalo linalikwepa.

Baba alikuwa na pikapu ya Peugeot 404, gia zake kwenye usukani, iliyokuwa ikishusha ndizi kutoka Akheri kwenda soko la Tengeru Jumatano na Jumamosi, na msimu wa kahawa ikibeba magunia kwenda chama cha msingi. Peugeot enzi zile ilikuwa na jina. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, ikarudi ikashinda 1966, 1967 na 1968 mfululizo, na aliyekuwa nayo hakuhitaji kujieleza mbele za watu. Ya baba ilikuwa nzima injini na bodi. Matairi yalikuwa yakitengenezwa hapa hapa Arusha, kiwanda cha General Tyre. Iliyokuja kuisimamisha ni pampu ya maji, kitu unachoweza kukishika kwa mkono mmoja.

Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inakata roho, na Namanga, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 110 tu kutoka Arusha mjini, ikawa mbali kuliko Dar es Salaam. Spea za Peugeot baba alizoea kuziagiza Nairobi: asubuhi anampa kondakta wa basi fedha na karatasi yenye namba, jioni anapokea kifurushi stendi. Njia hiyo ikakatika mara moja. Mafundi wakajaribu kuchonga shafti, wakakata gasketi kutoka kwenye maboksi ya sabuni, wakafunga na kufungua, na pampu ikaendelea kuvuja. Aliyetumwa Dar alirudi na habari kwamba kuna spea za Land Rover na za Bedford. Zilizopita njia za panya ziliuzwa kwa bei ya kufidia hofu ya aliyezivusha. Mwishowe 404 ikakaa chini ya mparachichi, na sisi watoto tukaokota mayai ya kuku kwenye siti ya dereva.

Mpaka ulipofunguliwa Novemba 1983, gari lilikuwa limekwisha kuuzwa kipande kipande. Matairi yalikwenda kwa huyu, betri kwa yule, na bodi yake iliishia kuwa tela la kukokotwa na trekta.

Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipataje, na pikapu za Kijapani zikaanza kujaa barabarani: Datsun, Mazda, Hilux. Baba hakununua gari tena, ila alipenda kukaa kando ya barabara kuu ya Moshi akizihesabu. Mimi nilipenda rangi, yeye alikuwa akitazama ni zipi zinazopita mara nyingi. "Gari linalopita peke yake barabarani," aliniambia, "litakufa peke yake." Nilikuwa msichana mdogo na sikuona maana ya maneno hayo. Nilikuja kuiona nilipoanza kuuza saruji.

Nilipofungua duka la vifaa vya ujenzi hapa Olasiti, mitaa mingi ya leo ilikuwa mashamba ya mahindi na maharage. Viwanja vikapimwa, watu wakatoka Ngarenaro, Kaloleni na Sakina kuja kujenga, barabara ya mchepuko ikapita, na sasa uwanja wa AFCON ya mwaka 2027 uko jirani zetu Olmoti. Mteja wa hapa ananunua kidogo kidogo, kwa kadiri fedha inavyoingia, na anataka mzigo ufike site leo, kwa sababu fundi wake yuko pale amekaa juu ya ndoo akisubiri. Asiyepeleka mzigo hauzi. Ndiyo maana nililazimika kununua gari.

Nilianza kwa kuandika mzigo wenyewe. Mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo mifuko 20 ni tani. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina karibu kilo 11, nayo hukunjwa katikati ili ibebeke, na bado hutokeza nyuma. Bati langu linalotoka zaidi lina urefu wa mita 3. Mbao za kenchi ni futi 12 au zaidi. Na maji, ambayo miaka ile niliyauza pamoja na saruji, kwa sababu mabomba ya mitaa mingi yalikuwa yakitoa hewa. Tenki la lita 1,000 likijaa ni tani moja kamili, hujahesabu plastiki yake. (Maji ya visima vingi vya ukanda huu wa Meru yana floridi inayoyapaka meno rangi ya kahawia. Kwa zege hayana neno.) Wengi huenda kuangalia gari kwanza, kisha wanaanza kulitafutia mzigo. Mimi karatasi yangu ilikuwa imekwisha kufuta nusu ya magari ya Arusha kabla sijamwona dalali hata mmoja.

Ilifuta dabo kebini. Bodi ya dabo kebini ina urefu wa kama mita moja na nusu. Ya singo kebini inapita mita mbili. Bati la mita 3 kwenye dabo kebini linaning'inia nusu nzima, na tuta moja tu linatosha kulikunja. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu. Nilikuwa na nyingine niliyoiweka moyoni. Gari lenye siti ya nyuma ni gari la ukoo. Jumapili linakwenda ubatizo, Jumatatu linampeleka mjomba hospitali, Desemba linapanda Kilimanjaro kwa wakwe likiwa na watu tisa na mbuzi. Sisemi ni vibaya, mimi mwenyewe nimebebwa na magari ya ndugu maisha yangu yote. Lakini singo kebini inakataa kwa niaba yako. Shangazi akifika na wajukuu wanne, anachungulia ndani, anaona siti ya dereva na ya kijana wa kupakia, anacheka na kuita bajaji. Hakuna aliyenuna. Na kuwapakia watu nyuma kwenye bodi ni kosa barabarani, trafiki wanalikamata, kwa hiyo hilo nalo lina jibu lake.

Msiba ni habari nyingine. Pikapu ya mtaa wowote wa Tanzania ina majukumu yake msibani: viti, turubai, masufuria, kuni, na mara nyingine marehemu mwenyewe. Tangu mwanzo niliweka utaratibu kwamba gari litakwenda na dereva wangu, na wafiwa wataweka mafuta. Hawakunikasirikia. Ndugu wa mbali walijaribu kulalamika, wazee wa mtaa wakawaambia gari la duka ndilo linalolisha wanaolia.

Karatasi yangu ilifuta pia mkonga. Land Cruiser ya mzigo yenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, haina mfano wake kwa uvumilivu, na sitabishana na mtu juu ya hilo. Lakini hapa Arusha mkonga una wanunuzi ambao mwenye duka la saruji hawawezi. Unanunuliwa, unakatwa chesisi, unarefushwa, unawekwa paa la kufunguka na viti vya watalii, kisha unakwenda Serengeti kuingiza dola. Gereji za kazi hiyo mjini ni nyingi. Ukitaka mkonga wa kubebea nondo, unashindana bei na mtu atakayebebea Wamarekani.

Ikabaki Hilux ya singo kebini, na hapo ndipo mjadala wa kweli ulipoanzia, kwa kuwa Hilux ni ukoo mkubwa. Toyota ilianza kuitoa mwaka 1968. Kila mtu anaijua ile filamu ya mwaka 2003 ya kipindi cha Uingereza cha Top Gear, walipoiacha Hilux ya dizeli ikafunikwa na bahari, wakaitia moto, wakaiweka juu ya ghorofa lililolipuliwa, na bado ikawaka. Vijana hunionyesha kwenye simu kama ushahidi. Mimi huwauliza kama waliona jambo moja mle ndani: fundi aliifufua kwa vifaa vya kawaida, bila spea. Nilichokipenda ni hicho, kuliko ghorofa.

Dalali wa kwanza alinipeleka kwenye Hilux ya D4D, dizeli ya kisasa. Ilikuwa nzuri, ina nguvu, haina kelele, inapanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu kana kwamba haina mzigo. Fundi wangu, mzee wa Unga Limited ambaye vidole vyake havijatoka weusi tangu nimfahamu, alinisikiliza nikiisifu mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza nitaweka mafuta wapi. Miaka ile tulikuwa tumetoka tu kwenye janga la mafuta kuchakachuliwa. Watu walichanganya dizeli na mafuta ya taa kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iishe. Vituo vikubwa vikatulia. Lakini mimi nilijua dereva wangu, akiishiwa huko Monduli Juu au Mbuguni, atanunua kwenye dumu.

"D4D ikinywa mafuta ya dumu," mzee akasema, "nozeli zake nne utazinunua, huwezi kuzitengeneza. Hii ya zamani, mama, pampu nitaifungua mezani, nitaifunga, kesho unabeba saruji."

Ufafanuzi wake ulikuwa mrefu, nami nitaufupisha. Mfumo wa kisasa wa dizeli husukuma mafuta kwa presha kubwa mno kupitia matundu membamba kama unywele, na kompyuta ndiyo inayoamua yafunguke lini. Mafuta machafu au yasiyo na ulaini wa dizeli yanayaharibu. Ile ya zamani, injini ya 3L, lita 2.8, haina turbo na haina kompyuta. Pampu yake inazungushwa na mkanda, na mafuta yanafika kwa nguvu ya chuma. Ni nzito kuamka, inapiga kelele, na ukipanda nayo Karatu na mzigo, malori yatakupita ukiyapungia mkono. Kwa mtu anayezunguka Olasiti, Majengo, Kisongo na Ngaramtoni, mwendo huo unatosha kabisa. Ulaji wake ni kilomita kama 10 kwa lita ukiitunza, na bei za EWURA zikitoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi naweza kukuambia papo hapo gharama ya kupeleka mifuko 20 Kisongo.

Gari la umri mdogo lenye injini ya namna hiyo halikuwepo la kuagiza Japani. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na haikurudi hadi 2017, kwa hiyo zenye usukani wa kulia zilizotengenezwa katikati zilitoka Thailand, Afrika Kusini na Uingereza. Za Japani zilizobaki zilikuwa na umri wa kuota mvi. Kenya hairuhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka minane. Sisi tunaruhusu, lakini kodi ya uchakavu inakungoja bandarini. Nikaona heri ninunue iliyokwisha kulipiwa kila kitu na kuzoea barabara zetu, kutoka mkononi mwa mtu.

Ilipatikana ya mwaka 1996. Mwenye gari alituambia tufike saa nne. Mzee akasema tutafika saa moja. "Saa nne imeshawashwa, imeshapata moto, imeshaogeshwa. Mimi nataka kuiona ikiamka."

Ilikuwa Julai, na baridi ya Arusha ya Julai hamna haja ya kuelezwa. Salamu hazijaisha, mzee tayari ameweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Ndipo akaomba ufunguo. Akasubiri taa ya hita izimike, akapiga stata mara moja, injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe kidogo, ikakaa sawa. Alisimama nyuma kwenye ekzosi akiutazama moshi mpaka ukakata. Mweusi, alinieleza baadaye, ni mafuta mengi, dawa yake si ghali. Wa bluu ni oili inaungua, na hapo unaaga. Kisha injini ikiwa inanguruma akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza juu chini na kukiweka tu juu ya tundu lake. Kama presha ya silinda inapita kwenye ringi za pistoni, kifuniko kinaruka. Kilitetemeka, kikabaki palepale. Alikuwa ameshachungulia rejeta kabla ya kuwasha, kwa kidole: maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, oili imeingia, na silinda hedi ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Halafu akaingia chini na nyundo ndogo. Alikuwa akigonga chesisi pole pole, kuanzia nyuma ya kebini kwenda kwenye springi, na kusikiliza. Chuma kizima kinalia, kilichozibwa kwa bodi fila kinanyamaza. Kwa hiyo dalali alipotoka ndani akiwa na kadi mkononi, alinikuta nimesimama peke yangu.

"Mama, mzee yuko wapi tuongee?"

"Yuko chini ya gari."

Alimtafuta mume wangu kwa macho, akaona miguu ya fundi. Bei akaniambia mimi.

Mzee alitoka na mambo mawili. Springi za nyuma zilikuwa zimeongezewa pleti. "Huyu alikuwa anabeba mchanga." Watu wengi wakiona pleti nyingi wanafurahi kwamba gari lina nguvu. Ukweli ni kwamba pleti za ziada zinazuia gari lisikae chini, na hivyo zinamdanganya mpakiaji. Chesisi, ekseli na breki vimebaki vilevile, na uzito ambao springi imekataa kuumeza unakwenda kuchosha chesisi nyuma ya kebini. Na pale, jambo la pili, palikuwa na mshono wa kuchomelea, uliopigwa vizuri, wa zamani. Mzee aliuona unafaa. Mimi niliuona unapunguza bei, nao ukaipunguza.

Kwenye dashibodi ya Hilux za dizeli za wakati ule kuna taa iliyoandikwa T-BELT. Inawaka kilomita zikifika 100,000 kukukumbusha kubadili mkanda wa taimingi, maana ukikatika mwendoni injini inaumia. Hiyo yetu haikuwaka hata pale ufunguo ulipogeuzwa, wakati taa zote zinapaswa kuonekana. Mzee akacheka tu. Globu ilikuwa imetolewa. Kilomita za gari kuukuu mimi siziamini hata zikiapa. Mkanda tulibadili kabla gari halijabeba mfuko wa kwanza, pamoja na oili, machujio yote na mpira wa rejeta.

Makaratasi yalikwenda haraka: namba ya chesisi kulinganishwa na kadi, kuhakikisha kadi haijawekwa rehani benki au SACCOS, kuangalia madeni ya faini za trafiki, ambazo ni 30,000 kwa kila kosa na hujikusanya kimya kimya kwenye namba ya gari, kisha kubadili jina TRA. Usikubali kuendesha kwa kadi ya mtu mwingine hata awe mtu wa kanisani kwako. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilikuwepo bado. Ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Rangi ya plate nayo uiamue mapema. Ukibeba mzigo wako mwenyewe, plate ya njano inatosha, ila uwe na risiti ya EFD ya kumwonyesha askari kwamba saruji ni yako. Ukianza kubebea watu kwa malipo, hiyo ni biashara ya usafirishaji, plate nyeupe na leseni ya LATRA. Vijana wengi wanaingia kwenye biashara ya pili wakiwa na plate ya kwanza, na faida yao yote inaishia kando ya barabara.

Jambo ambalo watu walilishangaa ni kwamba nilichukua ya kuendeshwa na tairi mbili. Olasiti ya masika mnaijua, mitaa ya ndani inageuka uji, na kila mwanaume aliyenishauri aliniambia four-wheel. Mzee aliniambia mzigo ukikaa juu ya tairi za nyuma gari linasukuma lenyewe. Linaloteleza ni tupu. Hivyo masika likiwa linarudi tupu, mifuko minne ya saruji inabaki nyuma haishuki, na matairi hatuyasubiri yaishe. Imewahi kukwama, ndiyo. Hata za tairi nne nimeziona zimekwama, mbali zaidi na barabara. Na ya tairi mbili bodi yake iko chini. Kijana anayeinua kilo 50 mara ishirini asubuhi, mara ishirini mchana, anaujua urefu wa bodi kuliko yeyote aliyenishauri, na nilipomuuliza ndiye pekee aliyejibu bila kufikiri.

Maji ndiyo mzigo ulionifunza zaidi, kwa sababu saruji inakaa ulipoiweka na maji hayakai. Tenki lililojaa mpaka juu ni salama kuliko lenye nusu. Likiwa nusu, ukishika breki maji yote yanakimbilia mbele. Ukikata kona yanakuja baada yako, gari limeshanyooka yenyewe bado yanapinda. Dereva wangu wa kwanza alidhani mwendo mdogo unatosha kuwa kinga. Tukakubaliana tenki lijae au liwe tupu, na lifungwe kwa kamba pande nne karibu na kebini, kamwe lisikae mwisho wa bodi, maana hapo linanyanyua tairi za mbele na usukani unakuwa mwepesi. Miaka ya karibuni, baada ya mradi mkubwa wa maji wa Arusha, ule wa shilingi bilioni 520, biashara hiyo imenipungua. Sikuililia.

Kiangazi adui ni vumbi. Udongo wetu una majivu ya Mlima Meru wa kale, vumbi lake laini mno, linaingia hata kwenye saa ya mkononi. Eya klina inayodumu miezi kwa mtu wa lami, hapa inapulizwa kila wiki. Mzee alimfundisha dereva kuipiga polepole kwenye tairi, upande wa vumbi ukiangalia chini, halafu kuimulika kwa tochi kutoka ndani. Mwanga usipopita, nunua nyingine. Ni spea ya bei ndogo, na naamini ndiyo iliyoifanya 3L yangu ibaki hai.

Na imesimama, siku nyingi tu. Klachi iliisha Makuyuni. Fundi wa palepale aliifunga jioni ileile kwa sahani iliyokuja na basi kutoka mjini. Altaneta ilikufa Ngaramtoni siku ya soko, na mtu alichomoa ya gari lililokufa nyuma ya gereji yake. Watu wanaposema Hilux haiharibiki, sijui wanazungumzia ipi.

Sasa mtoto wa kaka yangu anataka kuanza kupeleka mboga kwenye mahoteli, kutoka soko la Kilombero na mashamba ya Tengeru. Nilitegemea atataka Hilux. Anataka kirikuu. Nikamkalisha chini, nikampa karatasi aandike mzigo. Suzuki Carry ya namna hiyo kwa sheria za Japani ina injini isiyozidi cc 660 na mzigo usiozidi kilo 350. Barabarani kwetu inapakiwa mara mbili ya hapo, na magurudumu ya nyuma yanapinda kwa nje. Yeye akaandika: karoti, hoho, saladi, brokoli, kreti kadhaa. Haikufika kilo 300.

"Na ikizima?" nikamuuliza.

"Shangazi, tusimame hapo mlangoni tuhesabu."

Tulisimama. Vilipita virikuu, bajaji, Noah, virikuu tena. Hilux ya rika la kwangu ilipita moja, ikivuta tela. Hakuwa na haja ya kuongeza neno. Mzee wa Unga Limited ameacha kazi kwa sababu ya macho. Vijana waliochukua meza yake wanachomeka mashine ya kupimia kwenye D4D na kusoma ugonjwa kwenye kioo, na nikiwapelekea pampu ya 3L wanaitana kuja kuitazama. Mikanda ya taimingi ya bandia imejaa, na ile halisi dalali wa spea anaiagiza Gerezani, Dar es Salaam, nikisubiri. Nimemchangia kijana fedha ya kirikuu, kwa sharti la kutopita kilo 350.

Mimi nimeanza kuwaza ya baadaye. Novemba 2023 Toyota walitoa Thailand pikapu inayoitwa Hilux Champ, kuanzia baht 459,000: singo kebini, usukani kulia, bodi bapa yenye matundu ya kufungia chochote unachotaka, ndani hamna mapambo. Ukiitazama unaona kabisa aliyeichora alikuwa na watu kama mimi kichwani. Ya dizeli ina turbo na kompyuta, hilo nimelikubali, mafuta nayo siku hizi yana afadhali. Nimepita gereji za Unga Limited kuwauliza vijana kama wanaijua. Wanaijua wote, vizuri sana, kwenye simu.